Marashi Katika Chupa za Kireno

Bofa, Kilifi
Alhamisi, 31 Julai 2025

Khalati Ruqaiya,

Assalamu alaikum, na shikamoo. Mimi mzima, nala vizuri, nalala vizuri, hata ukiniona utasema hoteli imenifuga. Barua hii anakuletea Kanze, mwenzangu hapa kazini, wa upande wa dobi. Kwao ni Marikebuni, na kila baada ya wiki mbili, siku ya Ijumaa, hushukia hapo Mambrui kubadilisha gari. Nimeandika kwa mkono kama ulivyotaka, maana simu yako kweli imekuwa ya mtaa mzima. Juzi nilikutumia ujumbe wa sauti, akanijibu mjukuu wa jirani yako Badi, akanipa na habari za mpira.

Nina habari njema. Nimepandishwa kazi. Mwezi uliopita nilipewa chupa niipeleke kwa mgeni. Nilipoifungua nikanusa, nikamwambia Cynthia, meneja wetu, kwamba hii imeharibika, inanuka tambara lililosahauliwa majini. Akanikaripia mbele za watu: "Umejuaje, na hata hujaonja?" Basi nikaipeleka. Mgeni akaonja, akairudisha, akasema neno lile lile, tambara. Tangu siku hiyo Cynthia hanunui kitu kabla hajaniita mimi na pua yangu.

Ni mafuta ya zeituni, Khalati. Hoteli inaleta mafuta ya zeituni kutoka Ureno, na siki pia, na kazi yangu ni kunusa, kuonja kidogo, na kuchagua. Yuko bwana mmoja wa Mombasa aitwaye Jimmy, ndiye anayezileta chupa. Wageni wetu hudhani kizuri lazima kiwe cha Kifaransa na kiwe ghali. Jimmy anasema Wareno wana vitu vizuri sana kwa bei nafuu, ila hawajui kujisifu. Wareno hao hao waliotua Malindi zamani bila kualikwa, leo wanatuma chupa.

Nimekuletea chupa sita tupu, nene, za kijani, pamoja na vizibo vyake. Nimeziosha kwa maji ya moto na kuzikwangua karatasi. Utie humo marashi yako, uachane na zile chupa za plastiki zinazoyaharibu harufu.

Mwanao,
Taufiq


Bofa
Alhamisi hiyo hiyo

Kanze,

Mfuko uko nyuma ya pasi kubwa. Tafadhali ubebe wima. Khalati yangu akikuuliza, hizo ni chupa za mafuta ya zeituni. Najua unajua, wewe ndiye uliyefua aproni yangu yenye madoa mekundu. Lakini mama alifariki nikiwa na miaka minne, na huyu dada yake ndiye aliyenilea. Akijua kwamba kazi yangu ni kuonja mvinyo, sidhani kama atanitazama tena usoni. Mimi hutema, Kanze. Kila tone nalitema kwenye ndoo, muulize Jimmy. Ila hilo ni gumu kulieleza Mambrui.

Taufiq


Bofa
Ijumaa, asubuhi

Taufiq,

Chupa nitabeba. Uongo sibebi, mimi ni mtu wa kanisa. Akiniuliza nitasema gari linaniacha.

Kanze


Mambrui
Jumapili, 3 Agosti 2025

Mwanangu Taufiq,

Waalaikum salaam warahmatullah. Marahaba, mwanangu, marahaba mara mia. Huyo Kanze wako ana adabu lakini ana haraka. Nimemtilia chai, hata kikombe hakukigusa, gari, gari. Mwambie safari nyingine aketi.

Chupa zimefika salama, hata moja haikupata ufa. Nimezitia marashi siku ile ile, waridi na asumini, na kizibo kinakaza hasa. Bi Tumu, unamjua tena, mwenzangu wa tangu chuo cha Kurani tukisoma juzuu, alizipanga dirishani, jua likapita ndani yake, akasema, "Ruqaiya, hizi si chupa, hizi ni mahari." Mtaa mzima umekuja kuzitazama. Nami nikajigamba, Mungu anisamehe. Nikawaambia mwanangu ndiye anayewachagulia Wazungu mafuta ya zeituni, mafuta ya ule mti uliotajwa kwenye Kitabu. Nikasema pua ile nimeifundisha mimi. Unakumbuka nilivyokuwa nikikufunga macho kwa leso, nakupitishia udi, ambari, kafuri na mkadi, na ukikosea huli halua? Bi Tumu alikuwa akisema namtesa mtoto wa watu. Sasa ameona faida.

Wajua, mwanangu, mimi sina shamba wala duka. Nina jina tu. Kukiwa na bi harusi naitwa mimi. Akifa mwanamke naitwa mimi niitie sanda marashi. Wananiita kwa kuwa wanajua mkononi mwangu hakipiti kitu cha shaka. Basi chupa zako nitaziweka pahali pa heshima. Maulidi yakifika nitazitoa.

Nieleze hayo mafuta. Lakini usiniandikie "mazuri, matamu" kama mtu aliyetumwa sokoni. Nieleze kwa pua, kama nilivyokufunza: kinachokuja kwanza, kinachofuata, na kinachobaki.

Khalati yako,
Ruqaiya


Bofa, Kilifi
Alhamisi, 14 Agosti 2025

Khalati yangu,

Shikamoo. Nimekaa na kalamu siku mbili, maana umeniuliza kwa lugha yetu na sitaki kukujibu ovyo.

Jumanne Jimmy alileta chupa kumi na mbili, zote za bei ya chini, tuchague nne. Ili tusidanganywe na majina wala picha, nilimwomba Kanze foronya kumi na mbili tukazivisha chupa. Cynthia akacheka, akasema zimekaa kama wagonjwa wodini. Kisha tukaanza.

Ya kwanza ni siki nyeupe ya kaskazini ya Ureno, ambako mvua haikatiki. Kinachokuja kwanza ni ganda la ndimu likikunwa. Kinachofuata ni tofaa bichi, halafu kitu kama jiwe la uani lililopata manyunyu. Nyepesi, inachekesha ulimi. Mwenye joto la hapa kwetu akiipata na samaki wa kuchoma hatataka kitu kingine. Ya tano ilinuka asali na maua ya mchungwa, ukadhani ni halua, lakini ilipofika ulimini ikawa kavu na chungu kidogo, kama mtu mkali anayependwa.

Na ya tisa. Ya tisa ni nyekundu, ya kusini, kwenye joto kama letu. Kwanza zambarau, zile zilizoiva mpaka zikapasuka zenyewe chini ya mti. Halafu ngozi ya viatu vipya vya Idi, na pilipili manga kwa mbali. Ikishapita kooni haikuachi, kifua kinapata joto, halafu umeshaanza kusahau, unarudiwa na karafuu. Tulipovua foronya ikawa ndiyo ya bei ya chini kuliko zote kumi na mbili. Cynthia hakuamini, akataka tuanze upya. Mimi nilicheka peke yangu njia nzima mpaka chumbani kwangu. Nilitamani ungekuwepo unuse, Khalati. Hapa hakuna mtu wa kumwambia karafuu imerudi akaelewa.

Kanze ana chupa sita nyingine. Nikumbuke katika dua zako.

Mwanao,
Taufiq


Bofa
Jumatatu, 8 Septemba 2025

Taufiq,

Nimerudi kutoka likizo. Nakuandikia kwa sababu nikikuambia kwa mdomo nitakufokea mbele ya wageni.

Siku ya maulidi nilikuwa Mambrui. Khalati yako alisimama kwenye mlango wa wanawake na mrashi mkononi, anamrashia kila anayeingia, na chupa zako zimepangwa kwenye sinia zimefungwa utepe. Aliponiona nikipita barabarani alinivuta mkono, mimi Mkristo, akanirashia na mimi, akawaambia wenzake huyu ndiye aliyezileta. Sikujua uso wangu niupeleke wapi.

Jana nikakuta msiba. Bi Tumu alianguka Jumamosi alfajiri na siku hiyo hiyo wakamzika. Sanda ameitia marashi khalati yako, na chupa aliyotoa ni moja ya zile, alikuwa ameiweka haijafunguliwa. Alinishika akalia begani kwangu, akaniuliza kama wewe ni mzima.

Mwambie. Usipomwambia, Ijumaa hii mimi sibebi kitu chako, hata salamu.

Kanze


Bofa, Kilifi
Alhamisi, 11 Septemba 2025

Khalati,

Assalamu alaikum. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mungu amrehemu Bi Tumu, amsamehe, ampanulie kaburi lake. Sikuja mazikoni kwa sababu nilichelewa kupata habari.

Hapana. Hilo nalo si kweli, na nimelianza kwa mazoea. Mjukuu wa Badi alinipigia Jumamosi saa mbili asubuhi. Ningewahi. Sikuja kwa sababu niliogopa kukutazama.

Khalati, zile chupa si za mafuta ya zeituni. Ni za mvinyo. Zote kumi na mbili. Hakuna mafuta, hakuna siki, sijaona tone la zeituni tangu nifike hapa. Kazi yangu ni kuonja mvinyo wa Kireno na kuwachagulia wageni ulio mzuri na usio ghali. Nimeandika sentensi hiyo mara nne nikiichana. Naonja na kutema kwenye ndoo, kila tone, hiyo ndiyo desturi ya kazi. Nilidhani kwa kuwa natema, basi si kitu, na kwa kuwa si kitu, hakuna haja ya kukuambia.

Karatasi nilizikwangua mwenyewe kwa kisu. Nilitaka kukuambia kwamba sikujua utazipeleka maulidini, lakini ulinitajia mwanzoni mwa Agosti. Nilikuwa na mwezi mzima wa kukuzuia. Nilikuacha ukasimame mlangoni mbele ya mtaa mzima, nikakuacha uimiminie sanda ya rafiki yako. Nimekuchezea jina lako, na ulishaniambia huna kingine.

Sili vizuri wala silali. Nikipita mbele ya kioo cha mapokezi nageuza uso. Ukisema nisitie mguu tena nyumbani kwako, nitajua nimestahili.

Taufiq


Mambrui
Jumapili, 14 Septemba 2025

Taufiq,

Waalaikum salaam.

Barua yako nimeisoma Kanze akiwa mbele yangu. Mara hii aliketi bila kuombwa. Kabla sijaifungua tayari alikuwa anafuta machozi, nikadhani umekufa. Nilipofika mwisho nilishukuru kwamba hukufa, halafu nikaona haya, haya ambayo sijapata kuiona tangu niwe mtu mzima.

Nilikwenda kwa Maalim Abdulkadir. Nilimwuliza kama habari ya mtu mwingine, mwanamke fulani wa Malindi. Akasema chupa ikioshwa ikatakata imetakata, marashi ni marashi, na marehemu hana neno juu yake. Lakini alisema akitazama mkeka, nikajua amenijua. Basi Bi Tumu yuko salama, na chupa nimeziondoa dirishani.

Wanawake wenzangu sijawaambia. Jana niliitwa nikamfukize udi bi harusi, nikajibu nina homa. Sina homa. Nilikuwa nimekaa jikoni naisikia ngoma yao. Nimefika umri huu, Taufiq, ndiyo kwanza najifunza kusema uongo, na wewe ndiye mwalimu wangu.

Sasa nikuulize jambo moja. Nimeitoa barua yako ya Agosti nikaisoma tena. Unasema unatema, kila tone. Lakini habari ya ile ya tisa uliniandikia kwamba ikishapita kooni haikuachi, na kifua kinapata joto. Anayetema hana habari za kifua, mwanangu. Na najua uliandika kweli, kwa sababu mengine yote umenidanganya, ila harufu na ladha hujapata kunidanganya hata siku moja.

Ulimeza?

Nijibu kwa mkono wako. Toba ina masharti yake nawe umeyasoma: uache, ujute, uazimie kutorudi. Nataka kukuombea, lakini nijue naomba nini.

Ruqaiya


Bofa, Kilifi
Alhamisi, 25 Septemba 2025

Khalati yangu,

Shikamoo, ukiipokea.

Nilimeza. Mara moja tu, Jumanne ile, na ilikuwa hiyo hiyo ya tisa. Hakunilazimisha mtu. Jimmy alikuwa ametoka kupokea simu, Cynthia ameinama anaandika, na ndoo iko karibu na mguu wangu wa kulia. Nilipata kinachokuja kwanza, nikapata kinachofuata, nikataka kujua kinachobaki. Funda moja. Sikulewa, sikuyumba. Nilisimama pale nina furaha, basi, kama nilivyokuwa nikifurahi nikiitambua ambari na macho yamefungwa.

Kuacha nimeshaacha. Nilimwambia Cynthia siwezi tena, akanuna, akaniuliza kama nimepata kazi hoteli ya Kikambala. Nimehamishiwa jikoni, kwenye mikate. Anayeonja sasa ni Jimmy, na wageni wameshakunywa tambara mara mbili. Kuazimia kutorudi nimeazimia, na Mungu ni shahidi.

La katikati ndilo limenishinda. Kila nikimaliza kuswali najaribu kujuta. Najuta uongo. Najuta maulidi. Nikiikumbuka sanda ya Bi Tumu nalia mpaka wenzangu wa chumba wanatoka nje. Lakini nikifika kwenye lile funda, moyo unagoma. Lilikuwa zuri, Khalati. Najitahidi niliseme vibaya na siwezi. Nimejaribu kulikumbuka kama uchafu, na kila nikilikumbuka, karafuu inarudi.

Katika yote niliyokuandikia hakuna linalonitia haya kama hili. Ningeweza kukuandikia kwamba nimejuta, ukafurahi, ukanipokea. Lakini nimechoka kukudanganya. Niombee nijute.

Mwanao,
Taufiq


Mambrui
Jumapili, 28 Septemba 2025

Mwanangu Taufiq,

Marahaba.

Nimeisoma barua yako mara tatu, mlango nimeufunga. Nitakuambia jambo, na ukishalisoma ichome karatasi hii.

Siku ile Kanze alipoondoka, kabla sijavaa buibui kwenda kwa Maalim, nilichukua chupa moja katika zile za pili, ambayo nilikuwa sijaitia marashi. Niliizibua nikaitia puani. Usidhani nilikuwa naikagua. Nilikuwa naitafuta zambarau yako iliyopasuka, na ile ngozi ya viatu vya Idi. Nilivuta pumzi mpaka kizunguzungu kikanishika. Uliiosha vizuri mno, hapakuwa na kitu ila sabuni. Kisha nikaitafuta kwenye kizibo. Na kizibo umekichemsha.

Nilisikitika, Taufiq. Mimi, mwanamke wa miaka sitini na saba, niliyetoka kumzika mwenzangu juma lile lile, na barua ya aibu yako iko mapajani mwangu, nimekaa kitandani nasikitika kwamba nimeikosa harufu yake. Hilo sikumwambia Maalim. Nilijifanya nimekwenda kuuliza habari za chupa.

Kwa hiyo usiniombe nikuombee ujute. Nimejaribu, na nikiinua mikono naona haya. Njoo Ijumaa ya safari ya Kanze, mje gari moja. Tutafunga mlango, tutatandika miswala miwili, na kila mmoja aombe lake.

Khalati yako,
Ruqaiya